Elimu ya Mdomo wa Shimo

Buswelu ya leo inachelewa kulala. Tangu Ilemela ipate manispaa yake mwaka 2012 na makao makuu yakawekwa hapa, viwanja vimepimwa mpaka vilimani, mawe yamepasuliwa kuwa kokoto, na taa zimewaka mahali ambapo giza lilikuwa mali ya wanyama. Anayeikumbuka Buswelu ya mihogo na viazi vitamu anazikumbuka pia alama za asubuhi: tuta limefukuliwa, muhogo umeng'olewa ukaachwa umetafunwa nusu, mwiba wenye mapingili meusi na meupe umedondoka kwenye majani, na kando ya jabali kuna shimo ambalo udongo wake bado una unyevu. Mwenye alama hizo haonekani. Tunapojadili uwindaji na uhifadhi nchini mwetu tunawazungumzia tembo, simba na nyumbu, wanyama ambao mgeni anaweza kuwapiga picha kabla ya chakula cha mchana. Wa mashimoni tunawataja kwa nadra, ingawa ndio waliokuwa majirani zetu hasa: nungunungu, muhanga na kakakuona. Ninachoshikilia ni kwamba watu waliowahi kuwawinda wanyama hawa walikuwa na elimu ya kweli kuhusu maisha ya usiku, kwamba elimu hiyo inatoweka kwa kasi kuliko wanyama wenyewe, na kwamba walinzi wa wanyamapori, wapima ardhi na wakulima wa leo wanapaswa kuirithi. Mnyama wa usiku hawezi kulindwa na watu wanaomjua kwa habari za mchana tu.

Ushahidi wa kwanza uko Usukumani penyewe. Wasukuma walikuwa na vyama vya uwindaji ambavyo wakati huohuo vilikuwa vyama vya ngoma, nyimbo na dawa. Bayege waliwinda tembo. Bayeye walishughulika na nyoka, wakawakamata na kuwatibu walioumwa. Banunguli waliwinda nungunungu, mharibifu mkubwa wa mashamba, kwa kumfuata ndani ya shimo lake. Msomi wa muziki Frank Gunderson aliviandika vyama hivi katika kitabu chake cha 2010 kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, na makumbusho ya Bujora kule Kisesa, safari fupi kutoka Buswelu, yanahifadhi kumbukumbu za vyama na ngoma za kabila hili. Mara nyingi tunavitazama vyama hivi kama burudani ya sikukuu: mavazi, mdundo, mashindano ya makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu. Lakini jiulize ngoma ile ilitokana na kazi gani. Mtu aliyeingia kwa tumbo ndani ya handaki jembamba, gizani, huku mbele yake kuna mnyama wa kilo kumi na tano au zaidi mwenye miba mirefu kuliko mkono wa mtoto, hakuingia kwa ushujaa mtupu. Alihitaji kujua kwanza kama mnyama yumo. Alihitaji kujua shimo lina milango mingapi, na kama kilichomo ni nungunungu au ni chatu aliyepanga chumba. Kosa moja katika hayo lingemgharimu uhai. Elimu inayopimwa kwa namna hiyo kila siku haiwezi kuwa ya kubahatisha, na chama kilikuwa ndiyo shule yake: mwanagenzi alifundishwa, akajaribiwa, akaimbishwa.

Yatazame maisha ya nungunungu mwenyewe uone ni mambo mangapi yanapaswa kujulikana. Tanzania ina aina mbili, na wote ni wanyama wagugunaji, jamaa za panya, tena wakubwa kuliko wagugunaji wengine wote wa Afrika. Miba yao ni nywele zilizogeuka ngumu. Hawairushi kama mishale, ijapokuwa wengi wetu tuliambiwa hivyo. Mnyama hugeuka, hurudi kinyumenyume kwa nguvu, na miba inabaki mwilini mwa adui kwa sababu imeshikilia kidogo tu kwenye ngozi. Mkiani ana miba mifupi iliyo mitupu ndani kama mianzi, naye huitikisa ikalia kama kayamba kabla hajashambulia. Dume na jike huishi pamoja mwaka mzima, na watoto hubaki nao katika shimo moja, kwa hiyo shimo moja ni kaya nzima. Hutoka giza likishaingia, hupita mapito yaleyale usiku hadi usiku mpaka njia ikakanyagika, na hubeba mifupa mikavu hadi mlangoni kwao waigugune, wakapata madini na kuyanoa meno yasiyoacha kukua. Rundo la mifupa mbele ya shimo, ambalo mpita njia anaweza kulidhania kazi ya fisi au ya mchawi, kwa mjuzi ni anwani iliyoandikwa. Jambo linalonivutia kuliko yote ni mwezi. Watafiti walioufuatilia ukoo huu katika jangwa la Negev waligundua kwamba mbalamwezi inapoangaza, nungunungu hupunguza kutembea mahali pa wazi, na shughuli zake huongezeka kwenye giza. Mkulima anayelala shambani usiku wa mwezi mpevu kwa kuwa anaona vizuri analinda usiku usiostahili; usiku wake wa hatari ni ule asioona kitu.

Muhanga namtaja kwa heshima ya pekee, kwa kuwa ndiye fundi mjenzi wa kundi hili. Duniani kote amebaki wa aina moja tu, hana jamaa wa karibu aliye hai, na makucha yake huvunja kichuguu ambacho sisi tunakihitajia sururu. Hutembea kilomita kadhaa kila usiku akinusa mchwa na sisimizi, anachimba hapa, anaonja pale, anachimba tena. Mashimo anayoyaacha hugeuka nyumba za wengine: ngiri, nungunungu, kakakuona, mbweha, nyoka, hata ndege. Mahali muhanga alipouawa, hakuna anayeendelea kuchimba. Mvua inayajaza mashimo ya zamani, na baada ya miaka michache wapangaji wote wanakosa makazi. Katika lugha yetu mhanga ni mnyama huyu, na mhanga vilevile ni anayetolewa au anayejitoa kwa ajili ya wengine. Sitajenga hoja juu ya neno, lakini sioni ajabu kwamba Waswahili waliviweka viwili hivyo katika jina moja.

Kisha kakakuona, ambaye siku hizi anatajwa sana mahakamani. Wapo wanaomfananisha na armadilo wa bara la Amerika, kwa kuwa wote wawili wana silaha mwilini, huchimba, hula wadudu na hutembea usiku. Ufanano huo ni wa juu juu, na tofauti zake zinafundisha. Armadilo ana gamba la mfupa. Magamba ya kakakuona yametokana na kitu kilekile kinachofanya kucha zetu. Kwa nasaba kakakuona yuko karibu zaidi na paka na mbwa kuliko na armadilo. Kubwa zaidi ni uzazi. Armadilo wa mistari tisa huzaa watoto wanne kwa mkupuo, pacha wanaofanana kabisa, na ingawa amewindwa kwa bunduki, kwa mbwa na kwa tochi, ukoo wake umeenea kutoka Meksiko ukavuka mto Rio Grande katika karne ya 19 na unazidi kwenda kaskazini mwa Marekani. Kakakuona huzaa mtoto mmoja, anambeba juu ya shina la mkia akitafuta chakula, na anachukua muda mrefu kabla ya kuzaa tena. Kuwinda kulekule ambako armadilo anakustahimili kunamfuta kakakuona. Asiyejua tofauti hii hawezi kuweka kikomo cha haki, na kikomo bila ujuzi ni amri tupu.

Tena kinga ya kakakuona ilitengenezwa kwa ajili ya adui mwingine. Hana meno hata moja. Akishtuka anajikunja kuwa duara, tumbo na uso ndani, magamba nje, na simba anaweza kumviringisha kwa saa nzima akaondoka na njaa. Binadamu anamwokota kama anavyookota nazi. Ndiyo maana soko lilipofika, mambo yaliharibika haraka mno. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliziweka aina zote nane za kakakuona, nne za Afrika na nne za Asia, katika orodha inayopiga marufuku biashara yao ya kimataifa. Bado Aprili 2019 bandari ya Singapore ilikamata tani 12.9 za magamba, na siku chache tu baadaye tani nyingine 12.7, yote yakiwa yametoka Nigeria kuelekea Vietnam. Gamba moja ni jepesi mfano wa ganda la kiazi. Tani moja ina wanyama wangapi, na wangapi kati yao walikuwa na mtoto mkiani?

Hapa pana pingamizi ambalo lazima nilikabili bila kukwepa: je, kuisifu elimu ya wawindaji si kuwasifu majangili? Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka leseni kwa uwindaji, na anayekutwa na mnyama au kiungo chake bila kibali amekutwa na nyara za serikali. Kesi hizo zina vifungo vya miaka mingi, na siombi zilegezwe. Tena historia haimruhusu mtu kuwafanya wazee wetu malaika. Bayege walikuwa na elimu kubwa ya tembo, lakini misafara ya pembe za ndovu ilipoongezeka katika karne ya 19, elimu hiyohiyo ililitumikia soko. Nakubali: kujua hakuzai kikomo. Ila kujua ndiko kunakowezesha kikomo kuwepo. Angalia ilivyokuwa kazi ya shimoni. Banunguli waliitikia uharibifu wa mashamba, wakamfuata mnyama fulani katika shimo fulani. Mtego wa waya haujui unamsubiri nani. Sumu iliyopakwa kwenye muhogo humuua nungunungu, kisha humuua mbwa, kisha tai. Yanapotoweka maarifa ya kumtambua mlengwa, kinachobaki ni zana zisizochagua. Na serikali, tangu Hermann von Wissmann atoe amri ya kwanza ya uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1896, imezoea kumwona mwindaji wa Kiafrika kama tatizo la kudhibiti. Amri ile ilimzuia asiue, jambo linaloeleweka. Haikumuuliza anajua nini. Sheria zilizofuata, za Waingereza na za kwetu wenyewe, zilirithi ukimya huo, na ukimya huo ndio ninaoulaumu.

Pingamizi la pili ni la kisasa: kuna kamera zinazojipiga zenyewe usiku, kuna vinasa mwendo vya kuvalishwa mnyama, mzee wa kijiji ana nafasi gani? Vifaa hivyo ni vizuri, na mengi niliyoyataja hapo juu tumeyajua kupitia hivyo. Lakini kamera huona pale tu ilipofungwa. Aifungaye bila kujua mapito atapata maelfu ya picha za majani yanayopepea na mbuzi wa jirani. Kakakuona ni mgumu zaidi, kwani ni mpweke, ni adimu, na kila mmoja ana mashimo mengi anayoyabadilisha. Kusini mwa Afrika walilitambua hilo mapema. Katika miaka ya 1990 Louis Liebenberg, mtafiti aliyekwisha kuandika kwamba sayansi ilizaliwa katika usomaji wa nyayo, aliunda pamoja na Wasani wa Kalahari programu ya michoro ambayo msoma nyayo asiyejua kusoma wala kuandika angeweza kuitumia kuweka kumbukumbu za alichokiona, na ujuzi wa wafuatiliaji ukaanza kupimwa na kutolewa vyeti. Yuleyule ambaye shule ilimwita mjinga akawa mwandishi wa takwimu. Sisi tunao Wahadzabe kule ziwa Eyasi wanaoyajua mashimo ya nungunungu kama wanavyoyajua majina ya watoto wao. Tunao pia wajukuu wa Banunguli, na hao hawatakuwepo kwa muda mrefu.

La tatu linahusu imani. Karibu kila mahali nchini kakakuona akionekana, watu hukusanyika, na wazee humwekea mbele yake vitu mbalimbali, nafaka, maji, silaha, ili kwa kile atakachokiendea wausome mwaka: mvua, njaa au vita. Wapo wanaosema ushirikina huu unathibitisha kwamba elimu ya jadi haifai kitu. Sitetei utabiri. Ninaomba tutenganishe tafsiri na kilichotazamwa. Kilichotazamwa ni kwamba mnyama huyu haonekani, kwa hiyo kuonekana kwake ni habari. Muhanga, mnyama mwenzake wa usiku, anaonyesha habari hiyo inaweza kuwa ipi: kule Tswalu, katika Kalahari ya Afrika Kusini, watafiti waliwapandikiza wahanga vipima joto na mwendo, kisha ukaja ukame wa 2012 kuelekea 2013. Chakula kilipopungua wanyama wale wakashindwa kuhimili baridi ya usiku, wakaanza kutoka mchana kutafuta mchwa kwenye jua, wakakonda, na wengi wakafa. Mnyama wa usiku anayetembea mchana, basi, anaweza kuwa amebeba taarifa za nchi yenye njaa, hata kama hajui lolote kuhusu vita. Huenda wazee waliiona ishara kabla hawajaipatia maelezo. Na imani yenyewe ilikuwa na faida ambayo soko halina: kakakuona wa kutabiri alikuwa wa jamii nzima, alipelekwa kwa viongozi, hakuna aliyemficha kwenye gunia.

Mkulima naye ana haki ya kuuliza. Kwa mama aliyepanda viazi akitegemea kukata michembe ya akiba ya kiangazi, nungunungu ni mwizi, na hotuba ya uhifadhi haijazi kihenge. Jibu langu kwake ni la vitendo, nalo limetoka katika elimu ileile. Mnyama anayepita njia moja kila usiku anazuilika kwenye njia hiyo: mawe au mabati yaliyofukiwa kina cha kutosha mahali anapoingilia yana faida kuliko miiba iliyotandazwa kuzunguka shamba zima. Ulinzi wa usiku wenye giza una maana zaidi kuliko wa mbalamwezi. Viazi vilivyokomaa visikae ardhini vikisubiri bei. Uzio wa umeme nauonea shaka. Afrika Kusini umekuwa muuaji mkubwa wa kakakuona, kwa sababu hutembea kwa miguu ya nyuma, tumbo wazi, hugusa waya wa chini, na akishtuka hujikunja akiwa ameukumbatia. Mjenzi wa uzio hakukusudia kumwua, ila hakujua anavyotembea.

Wapo watakaosema Buswelu imekwisha kuwa mji na mazungumzo haya yamechelewa. Kwa muhanga na kakakuona inawezekana ni kweli hapa kwenye mawe yetu. Lakini mji unaendelea kusogea, na mbele yake daima kuna ukingo: vichaka vya vilimani, mashamba ya kuelekea Magu, ngitili za wafugaji ambako majani huachwa yakue. Kule Shinyanga mpango wa hifadhi ya ardhi wa HASHI, ulioanza 1986, ulionyesha kwamba ngitili zikirudishwa, miti hurudi, na wanyama wadogo huifuata. Ndani ya Ilemela hiihii ipo Taasisi ya Taaluma ya Wanyamapori Pasiansi, inayofundisha askari wa wanyamapori tangu 1966. Bujora haiko mbali. Kuwakutanisha wanafunzi wa Pasiansi na wazee wanaokumbuka kazi ya mashimo hakuhitaji mkopo wa benki wala mshauri kutoka nje. Wazee hao wasiletwe kupamba sherehe kwa ngoma. Waletwe wafundishe, walipwe kama walimu, na wanayoyasema yaandikwe kwa Kisukuma na kwa Kiswahili.

Hata mpima ardhi anaweza kuanza kesho. Shimo lenye utando wa buibui mdomoni halina mtu. Lenye udongo mbichi, inzi wachache wanaozunguka na harufu nzito lina mwenyewe, naye amelala. Ukiwa na shaka, simika vijiti vyembamba mlangoni jua likizama, kisha rudi alfajiri: vilivyoangukia nje vimesukumwa na anayetoka, vilivyoangukia ndani na anayeingia, na vilivyosimama vinakwambia ujaribu usiku mwingine kabla greda halijawashwa.